Jino Limevunjika Ajalini: Nani Alipie la Kupandikiza?

Aliyepoteza jino huanza kwa kuuliza bei. Ninakushauri uanze na swali jingine: jino limetokaje? Jibu lake ndilo linaloamua mfuko wa nani ufunguliwe. Jino lililooza likang'olewa Hospitali ya Wilaya ya Magu ni mzigo wako na wa bima yako, kama unayo. Lililovunjwa na bodaboda kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, pale Kisesa au Nyanguge, huenda lina mtu mwingine wa kulilipia kisheria. Inauma kuona familia ikiuza ng'ombe kwa ajili ya jeraha ambalo sheria ilikwisha kumtwika mwingine.

Jino la kupandikiza si sawa na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Daktari huingiza skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya, huiacha kwa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike, kisha hufunga jino juu yake. Njia hii ilianzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Si kila taya inafaa. Sukari isiyodhibitiwa na uvutaji wa sigara huongeza hatari ya skrubu kutoshika. Gharama yake hutajwa kwa mamilioni. Kumbuka mambo hayo mawili, miezi na mamilioni, maana ndiyo yanayowaponza wadai wengi.

Kwanza kadi ya bima. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilijengwa kwa ajili ya huduma za msingi kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Sekou Toure. Huko usitarajie jino la kupandikiza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, una huduma za meno kwenye kitita chake cha mafao, lakini kuwamo kwa "meno" hakumaanishi kila tiba ya meno imo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imejengwa juu ya kitita kilichoainishwa. Una haki ya kuuliza kilichomo. Kliniki ikikuambia "bima itashughulikia", omba kibali cha awali cha bima kwa maandishi kabla hujakaa kwenye kiti. Neno la mapokezi halitakusaidia ankara ikirudi.

Kwa bima ya kampuni binafsi, soma ukurasa wa yasiyolipiwa kabla ya ukurasa wa mafao. Tazama mambo matatu: meno yana kikomo chake cha fedha kwa mwaka au hayana, kuna kipindi cha kusubiri au hakuna, na kupandikiza kumewekwa kundi la urembo au la matibabu. Jaza fomu kwa ukweli. Ukificha jino lililokwisha kutoka kabla ya kujiunga, unaipa kampuni sababu ya kulikataa dai lako.

Sasa tuje kwenye ajali. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Abiria aliyelipa nauli analindwa pia. Tuseme mama muuza dagaa amepanda bodaboda kutoka Kahangara kwenda Magu mjini, gari likaigonga kwa uzembe wa dereva wa gari, akapoteza meno mawili ya mbele. Anayepaswa kumlipa ni mwenye kosa, na kampuni ya bima ya gari lile ndiyo inayosimama nyuma yake. Atibiwe hospitalini mara moja, na fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, ichukuliwe kituoni siku hiyohiyo ikiwezekana. Andika namba ya usajili ya gari. Ukiwa nayo unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kisha fuatilia mchoro wa ajali na taarifa ya polisi, halafu peleka dai kwa kampuni kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hapa ndipo haki nyingi hupotelea. Kampuni hutoa fedha kidogo mapema na hati ya kusaini kwamba umelipwa na hutadai tena. Mtu ana deni la hospitali, anasaini. Miezi michache baadaye daktari wa meno anamwambia taya inahitaji mamilioni, na mlango umefungwa kwa sahihi yake mwenyewe. Usisaini kabla ya kupata mpango wa matibabu wenye bei ya kila hatua: picha za taya, skrubu, jino la juu, na marudio. Tunza kila risiti, ikiwamo ya nauli ya kwenda Hospitali ya Bugando. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara ya fedha uliyoitumia lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Bila karatasi, ukweli wako hautatosha.

Mtoto anahitaji uangalifu zaidi. Taya yake bado inakua, kwa hiyo kupandikiza husubiri ukuaji ukome. Mzazi akikubali malipo ya dawa na meno ya bandia tu, amemnyima mwanawe tiba ya miaka ijayo. Dai gharama za baadaye pia, zikiungwa mkono na barua ya daktari.

Muda nao una mpaka. Shauri la madhara kama haya lina miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo. Kwa mtoto hesabu huanza baadaye, lakini mashahidi husahau, kwa hiyo usingoje.

Aliyeumia kazini, kwa mfano kwenye kinu cha pamba, adai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anayekukata mshahara kwa ajili hiyo anavunja sheria. Aliyepigwa ngumi aombe mahakama ya jinai iamuru pia fidia, si kifungo tu.

Kampuni ikikataa au ikikuzungusha, ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na Sheria ya Bima ya 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa malalamiko kama haya. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Anza kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Kama hakuna wa kumdai, unabaki na akiba au mkopo. Ninashauri SACCOS kabla ya mkopeshaji wa mtaani. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Uliza pia riba inahesabiwaje. Shilingi milioni 3 kwa miezi 12, riba ikikatwa kwa mkopo wote hadi mwisho, ni riba ya shilingi 1,260,000. Ikikatwa kwenye salio linalopungua kwa marejesho sawa ya shilingi 250,000, ni 682,500. Asilimia ni ileile kwenye karatasi zote mbili. Mikopo ya simu ipe tahadhari zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Anayekudai kwa kuwapigia simu ndugu zako na kutangaza deni lako anaweza kushtakiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na malalamiko ya riba yapeleke tawi la Benki Kuu Mwanza, ukiwa na nakala ya mkataba mkononi. Mkopeshaji asiyekupa nakala, usichukue fedha zake.