Kufundisha Masharti ya Benki ya Akiba

Mtoto wa Magomeni, Mtwara, huingia darasani akiwa tayari anajua habari za akiba. Ameona kibubu nyumbani, na amemsikia mama akihesabu zamu yake ya upatu. Anajua pia kwamba fedha za korosho huja kwa msimu, nazo hazina budi kufikishwa hadi miezi ya dhiki. Asilolijua ni hili: fedha ikiingia mikononi mwa mtu mwingine, ni nini kinachomlinda mwenyewe? Swali hilo ndilo shina la somo hili la vipindi viwili, linalofaa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Shabaha

Mwisho wa somo, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza sababu ya benki ya akiba kuanza kwa masharti yaliyoandikwa;
(b) kukokotoa riba ya mwaka mmoja;
(c) kuonyesha kwamba masharti bila ukaguzi hayamlindi mwenye fedha.

Hatua ya kwanza: Kisa

Benki ya Akiba ya Posta ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, lakini asili ya benki za namna hiyo ni ya karne iliyotangulia. Mwalimu asimulie habari za Ruthwell, kijiji cha Scotland. Mwaka 1810 kasisi Henry Duncan alifungua hapo benki ya akiba kwa ajili ya vibarua na watumishi. Benki kubwa hazikupokea amana iliyopungua pauni 10. Yeye alipokea peni chache. Kasha la fedha lilikuwa na kufuli tatu, hata mtu mmoja peke yake asiweze kulifungua. Mwaka 1817 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowakataza wadhamini wa benki hizo kujipatia faida.

Kisha aeleze yaliyotokea Rochdale, Uingereza. Masharti yalikuwapo, wadhamini walikuwapo, lakini kazi yote iliachiwa George Haworth, mtunza hesabu aliyeaminiwa na wote. Alipofariki mwaka 1849, ilionekana kwamba zaidi ya pauni 70,000 za wanyonge zimepotea. Misiba ya aina hiyo ilisaidia kuleta Benki ya Akiba ya Posta ya Uingereza mwaka 1861, ambayo amana zake zilidhaminiwa na serikali.

Mwalimu aulize: Ruthwell na Rochdale zilitofautianaje? Asiharakishe kutoa jibu.

Hatua ya pili: Hesabu

Benki ya akiba ina amana za shilingi 1,000,000. Imeziweka katika benki kubwa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, nayo huwalipa wenye amana asilimia 4. Wanafunzi wataona kwamba inapata shilingi 50,000, inalipa 40,000, na 10,000 zinabaki. Waulizwe: hizo zilizobaki ni za nani? Za daftari na kodi ya chumba, au za mtunzaji? Hapo hesabu inazaa sharti.

Hatua ya tatu: Kuandika masharti

Makundi ya wanafunzi watano watano yaandike masharti sita ya benki ya darasa: nani huweka, nani hutunza funguo, fedha hutolewaje, faida huenda wapi, nani hukagua na lini, na mwanachama akihama au kufariki haki yake humfikia nani. Kisha makundi yabadilishane karatasi. Kila kundi litafute katika kazi ya wenzao upenyo ambao mtunzaji asiye mwaminifu angeweza kupitia, na waandishi wauzibe.

Tahadhari

Mwalimu asiligeuze somo kuwa hotuba ya kuwahimiza watoto kuweka akiba. Wengi wao hutoka katika nyumba zinazojinyima tayari. Vilevile asiwafundishe kumshuku kila mtu. Wafahamu kwamba ukaguzi humlinda mtunzaji mwaminifu dhidi ya uvumi, kama unavyomlinda mwenye fedha dhidi ya mwizi.

Tathmini

Darasa likiwa na mchango wowote, hata wa kununulia mpira, wanafunzi wautungie masharti kabla ya kukusanya shilingi ya kwanza, na daftari lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi.