Usiku wa Barbados Unamnufaisha Nani?

Sisi tunaosomea ualimu wa jiografia tumekaririshwa kwamba utalii "unaleta fedha za kigeni". Sawa, lakini zinaishia mfukoni mwa nani? Chukua mfano wa Barbados, kisiwa cha Karibi ambako meli za kitalii hutia nanga katika bandari ya Bridgetown.

Starehe zipo. Mtaa wa St. Lawrence Gap umejaa baa na muziki. Ijumaa usiku, Oistins, mji wa wavuvi, unageuka uwanja wa sherehe: jodari na fulusi wanachomwa, wenyeji na wageni wanacheza pamoja. Kuna pia vilabu vidogo vya ramu, watu wanacheza domino na kubishana siasa. Ramu yenyewe ni somo la historia, maana ilianzia kwenye miwa iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa.

Shida ni saa. Meli nyingi hufika asubuhi na kung'oa nanga jioni, kabla majiko ya Oistins hayajakolea. Tena chakula cha melini kimeshalipiwa kwenye tiketi, na baa na disko vimo humo humo. Abiria akishuka, hana njaa wala muda.

Kwa hiyo darasani nitauliza hivi: tuseme abiria 2,000 wanunue kila mmoja sahani ya dola 15 za Marekani. Wachoma samaki watapata 30,000. Meli ikiondoka saa kumi na moja jioni, je? Mwanafunzi akijibu hilo, hana haja ya kukariri tena.