Betri ya Sola: Maji Yanayoilinda na Maji Yanayoiharibu

Mvua ikinyesha Kamukuywa siku mbili tatu mfululizo, vinyozi, wenye maduka na familia zinazotegemea sola huona taa zikififia mapema. Wengi huilaumu betri na kuanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Ilhali mara nyingi betri imeharibika kwa sababu inayoweza kuzuilika: maji yamepungua ndani yake, au yameongezwa maji yasiyofaa.

Kwa nini betri huhitaji maji

Ndani ya betri ya asidi mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika mchanganyiko wa asidi na maji. Wakati wa kuchaji, sehemu ya maji hugeuka kuwa gesi na kutoka. Asidi hubaki. Sahani zikiachwa wazi hukauka na kuharibika, na hata maji yakiongezwa baadaye, nguvu iliyopotea hairudi yote.

Hatua za kufuata

1. Kagua kiwango cha maji angalau mara moja kwa mwezi. Betri iliyofungwa kabisa, isiyo na vifuniko vya kufungua, haiongezwi chochote.

2. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa pekee. Maji ya kisima, mto au bomba yana chumvi zinazodhuru sahani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hubeba kutu na vumbi.

3. Ongeza maji baada ya betri kujaa chaji, kwa kuwa mchanganyiko huo hupanda wakati wa kuchaji na unaweza kumwagika. Ukikuta sahani ziko wazi, ongeza maji ya kuzifunika tu, chaji, kisha ujazie hadi chini kidogo ya shingo ya tundu.

4. Usiongeze asidi. Kinachopungua kwa kawaida ni maji.

5. Usiimalize betri chaji. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu. Siku za mawingu, punguza matumizi: zima televisheni, bakiza taa. Betri ikikaa siku nyingi bila chaji, sahani hushika ukoko mgumu unaozuia umeme.

Kuikinga na maji ya nje

Weka betri juu ya ubao au kreti, mbali na ukuta unaovuja, mahali penye hewa. Gesi inayotoka wakati wa kuchaji hushika moto upesi, hivyo usiiweke karibu na jiko, koroboi au sigara, wala katika chumba wanamolala watoto. Futa vichwa vya nyaya kwa kitambaa kikavu na uvipake vaselini ili visishike kutu.

Nyumba ikiingia maji, usiguse betri wala nyaya ukiwa umesimama majini. Subiri maji yapungue, kisha umwite fundi aikague kabla haijawashwa tena.

Vaa glavu na miwani unapoifungua betri. Asidi ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, osha kwa angalau dakika 20 na uende hospitalini mara moja.

Waendeshaji wa bodaboda za umeme wafahamu kuwa betri za lithiamu haziongezwi maji wala kufunguliwa nyumbani. Usielekeze maji ya presha kwenye betri. Ikizama majini, usiichaji hadi ikaguliwe, kwani inaweza kushika moto.

Betri iliyokufa

Usiipasue wala kumwaga asidi shambani au kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Madini ya risasi ni sumu, na huathiri ubongo wa watoto zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024 baada ya rufaa. Rudisha betri kuukuu kwa muuzaji anayezipokea au kwa mnunuzi mwenye leseni.

Wakazi wanahimizwa kukagua betri zao sasa, kabla ya mvua nyingine. Chupa moja ya maji ya betri ni nafuu kuliko betri mpya.