Lisha Utumbo Mpana: Vidokezo kwa Mlaji wa Kata ya Masakta, Hanang

1. Rudi kwenye dona. Ukikoboa mahindi, pumba inabaki mashineni na kuku wanaifaidi. Wewe huwezi kuimeng'enya, lakini bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati.

2. Usihangaike na vidonge vya asidi hizo. Zikishatengenezwa utumboni, takriban asilimia 95 hufyonzwa. Chooni huenda kidogo tu. Nyingine hupenya zenyewe ukutani, nyingine hupitishwa na protini maalumu pamoja na sodiamu au haidrojeni. Butirati haifiki mbali: seli za ukuta wa utumbo huila papo hapo, na ndiyo huzipa kama asilimia 70 ya nishati yao. Propionati huishia zaidi kwenye ini. Asetati ndiyo msafiri, inafika hadi kwenye misuli.

3. Ukichinja ng'ombe, tazama tumbo lake kubwa kabla halijaingia sufuriani. Lile lenye vinyweleo kama taulo, linalowachosha akina mama kulisafisha, ndimo asidi hizihizi hufyonzwa. Ng'ombe hupata humo sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa majani matupu!

4. Kiporo si aibu. Ugali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hukaza na kufika utumbo mpana bila kumeng'enywa; huo ndio wanga sugu, chakula kingine cha bakteria. Ila kihifadhi vizuri, kisichache.

5. Anayeharisha apewe ORS, na asinyimwe chakula. Asidi hizi zikifyonzwa, sodiamu huingia nazo na maji hufuata. Mwaka 2000 watafiti wa Vellore, India, waliwaongezea wagonjwa wa kipindupindu wanga sugu wa mahindi kwenye ORS, na kuharisha kukapungua. Hayo yalifanyika hospitalini. Nyumbani usichanganye unga kwenye pakiti ya ORS. Mtoto akilegea, zahanati haraka.

6. Mbaazi na maharage ongeza polepole. Loweka usiku, mwaga maji. Gesi itakuwepo wiki za mwanzo, majirani watavumilia.

7. Usiache chakula cha nyumbani ukihamia mjini. Utafiti uliochapishwa 2025 ulishirikisha wanaume 77 wa Kilimanjaro, wengi wao wakibadilishiwa mlo. Waliotoka vyakula vya asili kwenda vya kizungu, ndani ya wiki 2 tu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani (inflamesheni). Kwa hiyo kijana wenu akienda kusoma Arusha, mfungieni dona na debe la mbaazi.