Faiba Kaptagat: Piga Hesabu ya Mwaka Kabla ya Kutuma Pesa

Kama unaishi Kaptagat, au popote kwenye ile barabara ya kutoka Eldoret kupitia Naiberi, huenda ushapata ujumbe wa WhatsApp wa aina hii: “Faiba inakuja mtaa wenu, lipia mapema ushike nafasi.” Habari njema, lakini tulia kidogo. Pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha ni kazi. Katika somo hili tutapitia maswali manne ya kuuliza kabla ya kuweka PIN.

1. Boksi liko wapi?

Faiba haiji hewani kama mtandao wa simu. Ni uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga. Unapita kwenye nguzo au chini ya ardhi, unagawanywa kwenye boksi lililo karibu na nyumba, kisha fundi anavuta waya mmoja hadi sebuleni kwako.

Kwa hivyo jina kubwa mjini halitoshi. Kenya tunao Safaricom, Zuku, Jamii Telecommunications wenye jina la Faiba, na wengine. Lakini kampuni inayoweza kukuhudumia ni ile yenye boksi karibu na boma lako. Pale maboma yako mbalimbali na shamba liko katikati, mita chache zinaweza kubadilisha jibu.

Tuma mahali ulipo, yaani ile pini ya ramani, na uombe jibu la maandishi: waya umefika hapa? Kama nguzo za ziada zinahitajika, nani analipa? Ukiambiwa “tutafika hivi karibuni”, basi hakuna cha kulipia leo.

Kama uko ndani sana, kuna njia ya setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, na 2024 ikaleta kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hivyo GB 50 ni kama saa 16 za kutazama. Pia kuna gharama ya dishi. Na usidhani setilaiti haijai: mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu ya msongamano.

2. Kwa mwaka ni pesa ngapi?

Bei ya mwezi ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa. Wewe hesabu mwaka. Tuchukue bei ambazo Safaricom ilitangaza 2024:

- Mbps 15 kwa 2,999: mwaka mzima 35,988
- Mbps 30 kwa 4,100: mwaka mzima 49,200
- Mbps 80 kwa 6,299: mwaka mzima 75,588

Bei hubadilika, kwa hivyo thibitisha ya leo. Lakini ona tofauti: kutoka kifurushi cha kwanza hadi cha pili ni shilingi 1,101 tu kwa mwezi, ila kwa mwaka ni 13,212. Hiyo inaweza kuwa karo au mbolea.

Kisha ongeza ada ya kufungiwa, bei ya ruta, na ada ya kuhamisha ukihama ploti. Uliza pia kama bei ina ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa huduma za intaneti, na VAT ya asilimia 16 huja juu yake. Ukitajiwa “2,000 kabla ya ushuru”, utalipa 2,668.

Sasa linganisha na unachotumia leo. Tuseme nyumba ina watu wanne, kila mmoja ananunua bando ya shilingi 50 kwa siku. Hiyo ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi. Hapo kifurushi cha 2,999 kinaokoa nusu. Lakini kama ni mzee na mama tu, na bando yao haizidi 1,000 kwa mwezi, faiba itawaongezea gharama. Angalia taarifa yako ya miezi mitatu ya pesa kwa simu. Jibu liko hapo, si kwa wakala.

3. Kasi gani inatosha?

Mbps ni megabiti kwa sekunde. Faili tunazipima kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hivyo Mbps 15 ni kama megabaiti 1.9 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itashuka kwa dakika tisa hivi.

Video moja ya HD inahitaji kama Mbps 5. Mtoto akiwa darasani mtandaoni, mwingine anatazama YouTube, na wewe uko WhatsApp, Mbps 15 zinatosha. Kaptagat ni kwao wakimbiaji, kambi ya Eliud Kipchoge iko hapo, na kila mtu anajua marathoni hukimbiwa kwa mwendo unaoweza kuushikilia. Intaneti ni vivyo hivyo. Anza na kifurushi cha chini, panda ikikulemea.

4. Ikikatika, nani anakuja?

Hili ndilo swali linalosahaulika, na pengine ndilo zito zaidi. Tawi likianguka juu ya waya wakati wa mvua, fundi wa karibu yuko wapi? Anachukua siku ngapi? Siku ambazo hukuwa na intaneti zinarudishwa? Muulize jirani aliyeunganishwa tayari, yeye hana kamisheni.

Kumbuka stima ikipotea ruta huzima, hata kama faiba ni nzima. Na kuna shida zisizo za fundi yeyote: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa pole hadi kwetu. Weka bando ndogo ya akiba.

Kampuni ikishindwa kutatua malalamiko yako, unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hiyo ndiyo mamlaka inayotoa leseni, na unaweza kuthibitisha hapo kama anayekuuzia anayo.

Sasa, kulipa

- Lipa kwa Paybill au Till ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya simu ya wakala. “Nitumie mimi nikulipie” ikataeni.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu binafsi, au tofauti na la kampuni, simama.
- Hakikisha nambari ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu. Ukikosea moja, unaweza kulipia nyumba ya mtu mwingine.
- Kama mtoto wako aliye mbali ndiye anayelipa, mtumie nambari ya akaunti kwa maandishi, usimsomee kwa simu.
- Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Bila ule msimbo wa muamala, madai yako ni hadithi tu.
- PIN yako ni yako. Fundi wa ruta haihitaji, na sisi pia hatutakuuliza kamwe.

Wakala akikuambia nafasi zinaisha leo jioni, mwombe majibu ya maswali haya manne kwanza. Mwenye waya kweli atakujibu, na kesho bado atakuwepo.