Bati Langu Liko Wapi? Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaoshika Sadaka

Kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka. Ibada ikiisha, mlango wa ofisi ya usharika unafungwa, vikapu vinamwagwa mezani, na mikono inaanza kunyoosha noti. Noti iliyofungwa kwenye pindo la kanga haijifichi: imekunjwa mara nne, ina unyevu wa jasho, wakati mwingine inanuka dagaa. Aliyeitoa ameshinda sokoni Jumamosi nzima akiuza mafungu yake, na kabla hajanunua unga ametenga ya Mungu.

Kwa ajili ya noti hiyo naandika kwa ukali. Sina ugomvi na mchungaji mwenye shamba, ng'ombe au nyumba ya kupangisha aliyoijenga kwa jasho lake. Paulo mwenyewe alishona mahema akajilisha. Ugomvi wangu ni na mali isiyoweza kuelezwa mbele ya watu walioitoa. Sadaka ikishatoka mkononi mwa mtoaji haijawa mali ya mpokeaji. Imewekwa amana kwake. Na amana, tulifunzwa na wazazi wetu, hurudi kama ilivyowekwa.

KWA MCHUNGAJI, PADRE, ASKOFU, MTUME NA NABII

1. Pokea mshahara unaojulikana. Kiwango kipangwe na baraza la wazee katika kikao ambacho wewe umetoka nje, kiandikwe kwenye muhtasari, na posho za nyumba, usafiri na matibabu ziandikwe hapohapo. Anayelisha kundi ana haki ya kula. Hilo halina mjadala. Usharika unaomwacha mchungaji wake akope ada za watoto unamtega kwa mikono yake wenyewe. Lakini usijipangie mwenyewe, na usichukue "kidogo cha mafuta" kutoka kwenye kikapu kabla hakijafika mezani. Kidogo hicho ndicho mlango.

2. Usipokee sadaka kwa namba yako ya simu. Kanisa lisajili lipa namba yake. Muumini akiingiza namba hiyo, jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri liwe la kanisa, lisiwe la mtumishi, wala la mkewe, wala la dereva wake. Fedha iliyoingia kwenye laini yako imeshachanganyika na vocha yako na mboga yako. Hata ukiwa mwaminifu, hutaweza kuthibitisha uaminifu huo. Na usiyekuwa mwaminifu, tumeshakuona. Mwaka 2014 televisheni ya KTN ya Kenya ilirusha uchunguzi kuhusu mhubiri Victor Kanyari wa Nairobi. Ulionyesha waumini wakihimizwa kutuma shilingi 310 kwa simu kama "mbegu", na kwamba "damu" iliyotokea miguuni mwa wagonjwa ilikuwa maji yaliyotiwa pamanganeti. 

3. Usiuze maombi. Usipange bei ya mafuta, maji, chumvi wala kitambaa. Usiweke ada ya kumwona mtumishi, ya kawaida na ya haraka, kama teksi. Mama mmoja mtaani kwetu aliuza cherehani yake ili "apande mbegu" kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa za mtoto yule. Mbegu ilipandwa, dawa zikakatika, na mtoto akaanguka jikoni, mkono kwenye mafiga. Kovu bado analo. Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya kumponya. Mtumishi wake Gehazi akakimbia nyuma ya gari kuidai, akaishia na ukoma. Soma sura hiyo, 2 Wafalme 5, kabla ya kutangaza bei.

4. Tangaza zawadi kubwa unazopewa. Muumini akikupa mbuzi kwa upendo, kula na umshukuru. Akikupa gari au kiwanja, lijulishe baraza siku hiyohiyo, liandikwe ni nani ametoa na kwa nini. Kama gari limenunuliwa kwa bahasha zilizopitishwa kanisani, basi ni la kanisa, na kadi yake isome jina la kanisa. Usiruhusu siku yako ya kuzaliwa igeuzwe msimu wa michango. Usikae kwenye kiti cha mbele ukitabasamu huku kamati ikitaja viwango na kuwasimamisha watu kwa makundi: wa milioni, wa laki tano, wa laki moja, na mwisho "wengine wote".

5. Usiifanye familia yako kuwa ofisi ya fedha. Mhazini asiwe mama mchungaji, mtia saini asiwe kijana wenu, na mkandarasi wa ukumbi asiwe shemeji. Hata makanisa makubwa yameangukia hapo. Yonggi Cho alianzisha kanisa la Yoido Full Gospel mjini Seoul, lililokuwa likihesabiwa kuwa lenye waumini wengi kuliko yote duniani. Mwaka 2014 mahakama ya Korea Kusini ilimtia hatiani kwa kulitia kanisa hasara ya won bilioni 13, baada ya kanisa kununua hisa za mwanawe kwa bei iliyozidi sana ile ya soko. Upendo wa baba ulipita katikati ya hazina ya Mungu.

6. Andika mali ya kanisa kwa jina la kanisa. Hapa Tanzania ipo njia ya kisheria: bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Hati ya kiwanja, kadi ya gari na akaunti ya benki visomeke kwa jina hilo. Usiseme "tuandike jina langu kwanza, tutabadilisha baadaye". Baadaye huwa ni msibani, pale warithi wanapokuja na hati mkononi na waumini wanabaki nje ya uzio waliouchangia.

7. Jieleze unapoingia na unapoondoka. Samweli alipozeeka aliwasimamisha Israeli wote akawauliza kama kuna yeyote ambaye aliwahi kumchukulia ng'ombe au punda wake, au kupokea rushwa kwake. Wakamjibu hapana, mbele ya shahidi. Nawe fanya vivyo hivyo. Unapopangiwa usharika, liambie baraza una nini. Unapoondoka, liambie una nini. Tofauti ikiwa kubwa, eleza bila kusubiri kuulizwa.

KWA WAZEE WA KANISA, WAHAZINI NA KAMATI ZA FEDHA

8. Hesabuni mkiwa watatu au zaidi, tena msio ndugu. Hesabu iandikwe kwa wino, wote watie saini, fedha ipelekwe benki kesho yake asubuhi ikiwa nzima. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, mabovu ya hekalu yalikuwa hayajatengenezwa ingawa fedha zilikuwa zikiingia mikononi mwa makuhani. Ndipo kuhani Yehoyada alipotoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, na mafundi wakalipwa. Hawakubadilishiwa makuhani, walibadilishiwa utaratibu, na hekalu likatengenezwa.

9. Usihamishe fungu. Fedha ya mabati ni ya mabati. Fedha ya yatima ni ya yatima. Hapa nina la kuungama. Mwaka mmoja tulichangisha fedha za kuezeka kanisa letu upya. Kila mshiriki alitoa bati moja, mwenye uwezo akatoa kumi, na siku ya mavuno tukapiga mnada wa ndizi, kuku na mayai pale nje hadi jua likazama. Kisha kiongozi wetu akasema kuna dharura, fedha itarudi baada ya mwezi. Nilikuwa mmoja wa watia saini. Sikuuliza dharura gani. Nilitia saini nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kwa heshima. Fedha haikurudi. Masika yakaja, maji yakawanyeshea wazee kwenye mabenchi, na bibi mmoja akanifuata baada ya ibada, akanishika mkono kwa upole, akaniuliza: "Mwanangu, bati langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sitii saini karatasi nisiyoielewa, hata aliyeileta awe amevaa joho.

Wala msidanganyike kwamba nia njema inahalalisha. Viongozi sita wa kanisa la City Harvest la Singapore, akiwamo mwanzilishi wake Kong Hee, walitiwa hatiani mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya takriban dola milioni 50 za Singapore. Fedha za mfuko wa ujenzi zilikuwa zimepelekwa kwenye kazi ya muziki ya mke wa Kong, nao wakadai kuwa huo ulikuwa uinjilisti. Aliyetoa kwa ajili ya jengo hakutoa kwa ajili ya albamu. Mkitaka kubadilisha matumizi, rudini kwa waliotoa mkaombe ruhusa.

10. Someni mapato na matumizi. Makanisa mengi husoma upande mmoja tu. Katibu anasimama: "Jumapili iliyopita sadaka ilikuwa kiasi hiki, ongezeko la kiasi hiki," watu wanapiga makofi, matangazo yanaendelea. Ilitumikaje? Kimya. Bandikeni karatasi ya matumizi ubaoni kila mwezi, pembeni ya ratiba ya ibada, kwa Kiswahili anachokielewa muuza mchicha: umeme kiasi gani, mlinzi kiasi gani, safari ya nani, kwenda wapi. "Matumizi mengineyo" yasizidi umeme. Wakatoliki wasiseme hili ni la Walokole: kanuni ya 537 ya Sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na baraza la kusimamia fedha, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya walichokitoa.

11. Leteni mkaguzi wa nje kila mwaka. Asiwe muumini wenu, asiwe rafiki wa mchungaji, na taarifa yake isomwe kwenye mkutano mkuu ikiwa nzima, pamoja na kurasa zinazouma.

12. Msiwe mahali pa kusafishia majina na fedha. Mwanasiasa akija kuabudu, akae kwenye benchi kama wengine na sadaka yake iingie kikapuni. Msimpe kipaza sauti. Novemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya alihudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 kwa nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na halmashauri ya parokia. Haikupita wiki, Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Nyumba ya mapadre ilihitajika kweli. Ndiyo maana kuirudisha fedha hiyo kulikuwa na uzito.

KWA MUUMINI

13. Endelea kutoa. Usitumie uovu wa mmoja kufunga pochi yako. Umeme wa kanisa bado unalipwa, mgonjwa bado anatembelewa, mlinzi bado ana watoto. Toa, kisha fuata ulichotoa kwa macho.

14. Uliza, tena uliza kwa adabu na kwa jina lako. Uliza kwenye kikao, kwenye jumuiya, kwenye mkutano wa washarika. Usinong'one kisimani na kunyamaza ukumbini. Watakuambia usimguse mpakwa mafuta. Wajibu kwamba Daudi hakumgusa Sauli kwa upanga, lakini alisimama nje ya pango akamweleza kwa sauti, mbele ya askari 3,000, dhuluma anayomtendea. Kuuliza risiti si kumgusa mtu. Ni kumlinda.

15. Usitoe kisicho chako. Ada ya mtoto si sadaka. Dawa ya mzazi si sadaka. Usichukue mkopo wa kausha damu ili utimize ahadi uliyoitamka kwa sababu kwaya ilikuwa inaimba vizuri. Yesu alimsifu mjane aliyetoa senti mbili, lakini muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amewakemea walimu wanaokula nyumba za wajane. Usisome habari ya kwanza ukaiacha ya pili.

16. Usimpime mchungaji kwa gari lake. Hapa tujisemee wenyewe. Ni sisi tunaosema "mchungaji wetu hawezi kupanda bodaboda, tutaonekanaje". Ni sisi tunaohama kwenda kanisa lenye V8 uani kwa kudhani baraka huambukiza. Tukimvika mtumishi fahari yetu, tusishangae akianza kuidai kama haki yake.

NENO LA MWISHO

Bibi yule hakuishi kuliona paa jipya. Tulichangisha tena, safari hii watatu tukihesabu na karatasi ikiwa ubaoni, na mabati yakapigwa misumari miaka miwili baada ya kumzika. Siku ya kuweka wakfu nilikaa chini ya kona ya kushoto, pale alipozoea kukaa, nikatazama juu.

Swali lake ndilo kipimo changu kwa kila kiongozi, mwenye kanzu ya kitani na mwenye suti. Mama aliyefungua pindo la kanga yake akija kukuuliza bati lake liko wapi, usimhubirie, usimlaani, usimwambie aondoke na roho yake ya uasi. Nyoosha kidole umwonyeshe. Kama huwezi, rudisha.