Ukidisko chuo, rudi kuomba. Lakini usirudi yule yule



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, kila mwaka vyuo vikuu vinapotoa matokeo ya muhula wa pili, wapo vijana wanaolala wakiwa wanachuo na kuamka wakiwa si wanachuo tena. Wenyewe wanaita kudisko. Mimi nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na baadhi ya vijana hao nimewafundisha. Wanaponijia huwa na swali moja: "Ustadhi, niombe chuo tena, au nikubali tu kwamba hii haikuwa riziki yangu?"

Jibu langu ni kwamba aombe tena. Lakini kabla ya kuomba lipo swali analopaswa kujiuliza mwenyewe, na asipolijibu, barua ya pili ya kuondolewa chuoni itamfuata kama ilivyomfuata ya kwanza. Swali hilo ni: nini hasa kilichonitoa?

Kadari si mkeka wa kulalia

Nimewaona vijana wa namna mbili baada ya msiba huu. Wa kwanza husema, "Allah hakuniandikia," kisha akakaa kijiweni. Hajakata rufaa, hajasoma barua ya chuo mpaka mwisho, hajauliza kama ipo njia nyingine. Neno kadari kwake limekuwa mkeka wa kulalia. Wa pili naye kutwa kucha ni "laiti": laiti nisingechagua kozi ile, laiti mjomba angenilipia hosteli, laiti mhadhiri yule asingekuwa mkali.

Mtume wetu (s.a.w.) ametupa dawa ya wote wawili katika hadithi moja aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na kuitoa Imam Muslim. Ndani yake tunafundishwa kupupia lile lenye manufaa na sisi, kumtaka Allah msaada, na kutolemaa. Kisha, likitusibu jambo, tusiseme "laiti ningefanya hivi", bali tuseme kuwa ni kadari ya Allah, na alitakalo hulifanya. Kwani neno "laiti" humfungulia shetani mlango wa kazi yake. Tazama mpangilio huo. Kupupia na kutaka msaada kumetangulia, na kadari imetajwa baada ya jambo kutokea. Anayetanguliza kadari ili asihangaike ameipindua hadithi.

Pengine kijana atauliza: "Ikiwa nimekatazwa laiti, mbona unaniambia nichunguze kilichonitoa?" Ni swali zuri. Mtume (s.a.w.) pia ametufundisha, katika hadithi waliyoitoa Bukhari na Muslim, kwamba muumini haumwi mara mbili kutoka katika tundu moja. Sasa ataliepukaje tundu asilolijua lilipo? Laiti ni kuyalilia yaliyopita, na hayarudi. Kulitafuta tundu ni kuitazama kesho. Anayelia na laiti hamalizi kulia. Anayelitafuta tundu, akiliona hunyanyuka akaenda kuliziba.

Tafuta ulipoumwa

Basi tulitafute. Chukua karatasi yako ya matokeo, somo kwa somo. Katika vyuo vyetu vingi GPA hupimwa kwa kipimo cha 5, na mwenye chini ya 2.0 hapiti. A huhesabiwa 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Kila somo lina uzito wake. Unazidisha alama kwa uzito, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya uzito.

Tuchukue mfano. Mwanachuo ana masomo manne: mawili yenye uzito wa 12 kila moja na mawili yenye uzito wa 8 kila moja. Jumla ya uzito ni 40. Katika yale mazito amepata D moja na C moja, na katika yale mepesi amepata B moja na C moja. Hesabu yake ni 12 na 24 na 24 na 16, jumla 76. Gawa kwa 40, unapata 1.9. Kijana huyu hajafika 2.0. Lakini lau ile D ingekuwa C, jumla ingekuwa 88 na GPA yake 2.2. Somo moja zito ndilo lililomwangusha, naye anakwenda mitaani akisema yeye hana akili ya chuo kikuu!

Mara nyingi tundu huonekana namna hiyo, nalo huwa dogo kuliko hofu yetu. Ukishalijua somo, uliza sababu. Je, ni kozi uliyoifuata kwa mkumbo, kwa sababu rafiki zako wote waliiomba? Je, ni hisabati uliyotoka nayo dhaifu tangu kidato cha sita? Je, ulipuuza majaribio na kazi za muhula, ambazo katika vyuo vingi hubeba alama 40 katika 100, ukaingia kwenye mtihani wa mwisho ukiwa umeshachelewa? Je, ulikuwa unatoka Mbagala kwa daladala, unafika kipindi cha asubuhi nusu saa baada ya wenzako, na jioni unarudi huna nguvu ya kufungua daftari? Je, uliugua ukaingia kwenye mtihani na homa, badala ya kuomba mapema kuahirisha? Au boomu lilipoingia liliishia kwenye biashara ya simu, na biashara ikakuchukua moja kwa moja?

Kila moja ina dawa yake. Aliyeangushwa na nauli na umbali hatibiwi kwa kubadilishiwa kozi. Aliyeangushwa na kozi asiyoipenda hatibiwi kwa kupangiwa chumba karibu na chuo. Na anayeomba chuo kingine, kozi ile ile, kwa mwendo ule ule wa maisha, huyo amebadilisha jina la chuo kwenye kitambulisho tu.

Kanzu yenye damu ya uongo

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Wapo wanaotaka kurudi kwa kuficha. Namjua kijana mmoja, hodari wa fizikia alipokuwa kidato cha sita, aliyeondolewa chuo mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Hakusema nyumbani. Kwa miezi minne alitoka kila asubuhi na begi mgongoni, akashinda misikitini na vituo vya mabasi, jioni akarudi. Mama yake, muuza vitumbua, aliendelea kumpa nauli kila siku. Kisha akatokea kishoka mmoja akamwambia kwamba kwa kiasi fulani cha fedha "atamsafisha", aombe upya kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu.

Alinijia kutaka ushauri ikiwa amlipe. Nilianza na la kidunia. Nikamwambia, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ni ile ile, nayo ndiyo unayotambulika kwayo katika udahili na katika mkopo. Kishoka hana uwezo wa kuifuta. Atakula fedha ya vitumbua, na wewe utabaki na kesi ya udanganyifu juu ya kudisko.

Kisha nikamkumbusha Surat Yusuf. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walirudi kwa baba yao mara mbili wakiwa wamempoteza ndugu. Mara ya kwanza walirudi na kanzu iliyopakwa damu ya uongo. Mara ya pili, mdogo wao alipozuiliwa Misri, walirudi na maneno ya kweli, na wakataja wa kuulizwa: watu wa mji ule na msafara waliokuja nao. Safari hii walikuwa na ushahidi, lakini Ya'qub (a.s.) aliwajibu kama alivyowajibu siku ya kanzu: kwamba nafsi zao zimewashawishi kutenda jambo. Hiyo ndiyo hasara ya uongo. Hauishi siku ile unaposemwa, bali huja kuula ukweli wako wa kesho.

Lakini tazama alichofanya Ya'qub (a.s.) baada ya hapo. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kwa huzuni, na bado aliwaamuru wanawe waende tena wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehma ya Allah (aya ya 87). Amri ya kwenda na katazo la kukata tamaa vimo katika aya moja. Wakarudi Misri, kwenye mlango ule ule uliowatoa machozi, wakaeleza hali yao kama ilivyo: tumepatwa na dhiki, na mali tuliyokuja nayo ni duni. Hawakuipamba. Na hapo ndipo faraja ilipowafungukia.

Kijana yule alikwenda akamwambia mama yake. Siku mbili za mwanzo mama hakuamini lolote, hata barua ya chuo aliposomewa. Alidhani ni mbinu ya kumtoa fedha nyingine. Siku ya tatu alimwita, wakakaa. Leo naandika, kijana yuko mwaka wa pili wa stashahada katika fani yake ile ile, chuo cha karibu na nyumbani, na anafanya hisabati kila usiku. Bado safari ni ndefu, lakini anakwenda kwa jina lake.

Njia zilizopo

Kwa aliye katika hali hii, haya ndiyo ya kufanya. Soma barua ya chuo uone sababu iliyoandikwa na siku za kukata rufaa, kwani siku hizo huwa chache na zikipita zimepita. Kama ulikuwa mgonjwa au alama zako zina kasoro, na unao ushahidi, kata rufaa. Kama huna hoja, usipoteze muda wa watu.

Chukua nakala ya matokeo yako rasmi, hata kama yanakutia haya. Ndiyo msafara wako wa kuulizwa. Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada ya kwanza hupelekwa moja kwa moja chuoni, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Soma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, kisha nenda ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, useme wazi kuwa uliwahi kusajiliwa na ukaondolewa, na uulize masharti yanayokuhusu.

Kama msingi ndio dhaifu, usione haya kushuka ngazi moja. Waweza kurudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Waweza kuanza na stashahada, ukaingia shahada kwa matokeo yake. Na mwenye familia au kazi akitazame Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha shughuli zao.

Na mkopo? Fedha uliyokwisha kuipokea Bodi ya Mikopo ni deni, na kuondoka chuoni hakukufuti. Deni ni haki ya watu. Liingize katika hesabu zako kabla hujakopa tena.

Neno kwa wazazi na jamii

Mama yangu, baba yangu, mwanao akikuletea habari hii kwa ulimi wake mwenyewe, ujue amekuchagua wewe badala ya kishoka. Kasirika, ni haki yako, lakini usimfukuze. Wala usikimbilie kuuza kiwanja kumpeleka chuo kingine wiki ijayo. Muulize lile swali: nini kilichokutoa, na safari hii kitabadilika nini? Akishindwa kujibu, mpe muda atafute jibu.

Nasi majirani tuache kumhesabia mtu miaka. Imam Abu Bakr al-Qaffal al-Marwazi, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 417 Hijria, alikuwa fundi wa makufuli. Alianza kusoma fiqhi akiwa na umri wa kama miaka 30, akafika kuwa rejea ya wanazuoni wa zama zake. Leo kijana wa miaka 23 akiambiwa aanze upya, mtaa mzima unamwona amezeeka!

Ewe kijana, chuo kimekuondoa katika orodha yake ya mwaka ule. Hakikukuondoa katika rehma ya Allah, wala hakikukuondolea wajibu wa kutafuta elimu. Andika kwa mkono wako sababu iliyokutoa, andika na utakachobadilisha, mwonyeshe mtu mmoja mkweli asiyekuonea haya. Ukimaliza hapo, ndipo uijaze fomu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awape wazazi wao subira na hekima. Amin.

Wabillahi Tawfiq.